Wimbo wa Sita

Tulirekodi usiku, Nkuhungu,
kwa sababu mchana mashine ya kusaga inanguruma ukuta wa pili
na gitaa halijawahi kushindana na uwele likashinda.
Saa nne mama Chidawali alipozima mota
tulisubiri masikio yapoe,
kisha Masinga akabonyeza kitufe chekundu
na chumba kizima, magodoro manne ukutani,
trei za mayai darini,
kikabana pumzi.

Nyimbo tisa. Gitaa la nyuzi za nailoni,
kinanda cha kuazima kanisani chenye kibonye kimoja bubu,
ngoma za kupigwa kwa brashi,
kama mtu anayefagia uani asimwamshe mgonjwa.
"Ni roki," Masinga aliwaambia waliouliza,
"ila imevua viatu."
Alitaka pia tuweke zeze,
ili wageni wajue tumetoka Ugogoni.
Sechelela akakataa. "Vumbi linatosha.
Sikiliza vizuri, limo kwenye kila wimbo."

Mimi nilipiga besi.
Mchana nasoma mita za maji, Kizota mpaka Mlimwa,
usiku nasoma vidole vyangu.
Hakuna aliyeniambia wimbo wa sita unahusu nini.
Nilipewa noti nne kwenye karatasi ya daftari
na hedifoni iliyofungwa kwa plasta,
na humo ndani sauti yake,
karibu kuliko ilivyokuwa tulipolala kitanda kimoja,
ikaanza kumwimba mwanamume
anayehesabu matone ya jirani
na kwake ndoo zimelala chali.
Sufuria ya mlenda iliyokauka mara tatu jikoni.
Geti la bati. Siku ya Jumanne.
Hakutaja jina.
Hakukosea hata kitu kimoja.

Ubeti wa pili kidole kiliniteleza.
"Samahani. Turudie."

Akainamia maikrofoni, nyuma ya kioo
ambacho zamani kilikuwa dirisha la basi la Kondoa:
"Ndahani, usipige kama unajitetea.
Piga kama unasikiliza."

Miaka saba ya ndoa
sikuwahi kupewa maelekezo yanayoeleweka namna hiyo.
Au nilipewa.

Tulirudia mara kumi na moja.
Mara ya tisa umeme ukakatika,
tukakaa gizani, watu watatu na mbu mmoja,
upepo wa Agosti ukisukuma mchanga chini ya mlango.
Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa refu,
nikawa natafuta lianzie wapi.
Umeme ukarudi.

Mwisho wa yote alichagua ile ya kwanza,
yenye kosa. Masinga akabisha hadi alfajiri,
akasema linasikika kama mtu aliyekosea ngazi.
"Ndiyo," akasema Sechelela,
akavaa sweta, akaenda zake.

Sasa albamu imetoka.
Majengo wanaikopi kwenye flashi, kwa bei ya chai na maandazi mawili.
Jana, Mlimwa, nimechuchumaa nyuma ya nyumba ya watu
nikifuta vumbi kwenye kioo cha mita,
dirisha la jikoni likafungulia wimbo wa sita.
Dada aliyekuwa akiosha vyombo aliufuata neno kwa neno,
na alipofika pale kwenye ubeti wa pili
akajikwaa kidogo, makusudi,
mahali kidole changu kilipoteleza,
akiamini ndivyo ulivyotungwa.

Maji yakimwagika hayazoleki,
tumeambiwa hivyo tangu tukiwa watoto.
Sawa. Ila yanasomeka.
Nikaandika: uniti ishirini na mbili.
Nikasubiri wimbo uishe, sekunde zote,
hata ule mvumo wa mwisho ambapo hakuna anayepiga kitu,
ni chumba tu.
Kisha nikabisha hodi
nimwambie bomba lake la nje linavuja.